Mavuno ya Noeli na Bonane: tuanze kuhesabu tangu mwezi wa nane



Tunaandika somo hili wakati vumbi ya kiangazi ingali barabarani na watu wengi wangali wanatayarisha mashamba ya saison A. Labda mtu atauliza: mbona agronome wanatuletea mambo ya Noeli mwezi wa nane, hata mvua ya kwanza haijanyesha? Jibu ni rahisi. Shu ambayo mama wa Bukavu ao Goma atapika siku ya Noeli, mbegu yake inatakiwa kuingia mu pepinyeri mwezi huu huu. Na kamyo itakayoibeba inatakiwa kutafutwa mbele ya watu wengine kuanza kuitafuta.

Malengo ya somo: mwisho wa kusoma, kila komite iweze (1) kuandika kalenda yake ya kurudi nyuma tangu sikukuu mpaka siku ya kupanda, (2) kupiga hesabu ya safari mbele ya kuvuna, (3) kufunga na kusafirisha mali bila kuiharibu na bila kuhatarisha watu. Msome pamoja. Anayejua kusoma vizuri asomee wengine, na mwenye daftari aandike.

1. Yaliyotupata sisi wenyewe

Tuanze na kosa letu, juu kosa linafundisha kuliko mafanikio. Miaka fulani iliyopita tulikuwa tunafuata koperative moja ku vilima vya teritware ya Kalehe. Shu na viazi vya kizungu vilikuwa vimekubali sana mwaka ule. Tulifurahi, tukapiga hata picha. Kazi ya shamba ilifanywa jinsi inavyotakiwa: nafasi kati ya mistari, mbolea ya samadi, kupalilia mara mbili, dawa ya mildiou kwa wakati wake.

Kamyo tuliisema kwa mdomo tu, siku tano mbele. Shofere alisema: «Hakuna shida.» Tarehe 20 ya mwezi wa 12 tukavuna, tukapanga mifuko kando ya barabara. Kamyo haikuja. Mfanyabiashara mwingine alikuwa amempa shofere franga zaidi, na sisi hatukuwa na karatasi yoyote, hatukuwa tumelipa hata avansi. Tulipata kamyo ingine tarehe 23, kwa bei ya juu. Usiku mvua ikanyesha, kamyo ikazama mu matope siku nzima. Tulifika mjini tarehe 25 mangaribi, wakati watu wako nyumbani na familia zao na depo zimefungwa. Kesho yake wanunuzi walituangalia tu. Kila mtu alikuwa ameisha kununua. Bei ilianguka karibu nusu, na shu nyingi za katikati ya mzigo zilikuwa zimepata moto na kuoza.

Mama mmoja alikuwa ameweka mifuko yake minne mu mzigo ule kwa ajili ya kulipa masomo ya binti yake wa sekondari mu mwezi wa kwanza. Yule binti alirudi darasani mwezi wa pili, nyuma ya wenzake. Mu mkutano wa kufunga hesabu, mzee mmoja akatuuliza mbele ya watu wote: «Watoto wetu, mlitufundisha kulima, na tulilima. Nani alitakiwa kutufundisha kufika?»

Hatukuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu letu, hata kama limechelewa.

2. Hesabu ya kurudi nyuma

Wakulima wengi tunahesabu kwenda mbele: nimepanda leo, itaiva siku fulani, kisha nitatafuta soko. Kwa mali ya sikukuu tunageuza. Tunaanza na siku ambayo mnunuzi anafungua mkoba wake, tunarudi nyuma hatua kwa hatua.

Chukueni karatasi kubwa, mwandike hivi kutoka juu kwenda chini:

— Tarehe 21 mpaka 24 ya mwezi wa 12: siku za kuuza. Hapo mama wa familia wananunua.
— Tarehe 20: mali inatakiwa iwe imeisha kuingia mu depo ya mji.
— Tarehe 18: kamyo ao boti inaondoka. Hata kama safari yenu ni ya siku moja tu, acheni siku mbili. Siku ya pili ni ya pane, ya mvua na ya bariere. Isipotumika, ni baraka.
— Tarehe 15 mpaka 17: kuvuna, kuchagua, kufunga, kushusha mali toka kilimani mpaka barabarani.
— Tarehe 1: kukata majani ya viazi.
— Mwisho wa mwezi wa 10: mapatano na wanunuzi na msafirishaji yawe yameandikwa.
— Mwezi wa 8 na wa 9: pepinyeri, kupandikiza, kupanda.

Bonane ina soko lake peke yake. Kwa hiyo msipeleke vyote safari moja. Gawanyeni mali mara mbili: mzigo wa kwanza ufike tarehe 20, mzigo wa pili ufike tarehe 28. Mzigo mmoja ukipata shida, koperative haipotezi vyote. Ndiyo maana pepinyeri nazo zinatakiwa kuwa mbili, zikipishana siku kumi hivi.

3. Kila zao na tarehe yake

Shu (kabichi). Inakaa mu pepinyeri wiki nne mpaka tano, kisha mu shamba siku 75 mpaka 90 kufuatana na aina na urefu wa kilima. Kule juu kwenye baridi inachelewa. Kwa kuvuna tarehe 17 ya mwezi wa 12, pandikizeni karibu tarehe 25 ya mwezi wa 9, na mbegu iingie mu pepinyeri karibu tarehe 20 ya mwezi huu wa 8. Pepinyeri ya pili iwe mwanzo wa mwezi wa 9. Maji ya kumwagilia yatatakiwa, juu mvua haijashika: wekeni pepinyeri karibu na kijito.

Viazi vya kizungu. Vinachukua siku 90 mpaka 120. Ukipanda tarehe 1 ya mwezi wa 9, tarehe 15 ya mwezi wa 12 ni siku 105. Mvua ikichelewa mpaka katikati ya mwezi wa 9, bado unaweza kufika kama aina yako ni ya siku 90. Yenye kupita hapo, acheni iwe ya mwezi wa kwanza, msiivune ikiwa changa. Mbegu iwe imeisha kuchipuka, machipukizi mafupi na yenye nguvu, iliyowekwa mahali penye mwanga kidogo.

Vitunguu. Hapa wengi wanakosea. Kitunguu kinachovunwa mu mvua ya mwezi wa 12 hakikauki shingo, kinaoza mu mfuko. Vitunguu vya Noeli ni vile mnavyong'oa sasa, mu kiangazi. Vikausheni vizuri mpaka shingo ikazwe na ganda la nje lipige kelele mkononi, kisha vitandazeni ku vitanda vya miti mahali penye upepo, chini ya paa. Kila wiki mtoe vilivyoanza kulainika.

Maharagi. Ni jambo sawasawa. Maharagi ya saison A yanaiva wakati mvua ni nyingi, na kuyakausha ni taabu. Yenye kupata bei nzuri ku sikukuu ni yale ya saison B mliyovuna mwezi wa 6, kama yamehifadhiwa bila wadudu. Mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani, inawafaa kwa sharti moja: maharagi yawe makavu kabisa. Kwa kupima, chukueni chupa kavu, mtie maharagi na chumvi kavu kidogo, mfunge, mtikise, mungoje dakika kumi na tano. Chumvi ikibaki imeshika ku ukuta wa chupa, maharagi bado yana maji. Rudisheni ku jua.

Nyanya. Mu miezi ya mvua mildiou inaipiga sana. Hatuwashauri kulima nyingi kwa Noeli, isipokuwa wale wenye kupanda nafasi pana, wenye kuweka vijiti na wenye kufuata dawa bila kuruka.

Nananasi. Ndugu zetu wa Idjwi wanajua: nananasi ni safari ya zaidi ya mwaka, haianzwi mwezi wa 8. Lakini kuvuna kunapangwa. Kwa safari ya boti, kateni wakati rangi ya manjano inaanza chini ya tunda, na acheni taji lake.

Kuku. Kuku wa nyama wa kisasa anachukua wiki sita mpaka saba, basi vifaranga viingie mwanzo wa mwezi wa 11. Kuku wa kwetu anahitaji miezi tano ao sita, kwa hiyo wa Noeli wameisha kuzaliwa, kazi ni kuwalinda. Chanjo ya Newcastle ifanywe wiki tatu mbele ya kuwasafirisha ao zaidi. Kuku wakikusanywa toka nyumba nyingi mu kikapu kimoja, ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote.

4. Komande kwanza, kamyo pili, kuvuna mwisho

Mwezi wa 10, komite itume watu wawili mjini. Si mmoja, juu hesabu za mtu mmoja zinaleta maneno ku kijiji. Waonane na wenye depo, mama wauzaji wa soko, mahoteli madogo, mashule yenye bweni, maparokia. Wasirudi na maneno ya «mlete tu, tutaona». Warudi na karatasi yenye mambo haya:

— kitu gani, kilo ngapi, ukubwa gani;
— siku ya kufikisha na mahali pa kufikisha;
— bei, ao namna bei itakavyopangwa siku ile (kwa mfano bei ya soko ya asubuhi, kutoa kiasi fulani);
— avansi, na siku ya kumaliza deni;
— mizani ya nani itakayopima. Mfuko uliojazwa kwa kofia juu unampa mnunuzi kilo za bure. Pimeni kwa kilo, si kwa mfuko.

Msiahidi vyote mlivyo navyo. Shamba linaweza kupata mvua ya mawe. Komande za hakika zichukue kama theluthi mbili za mavuno mnayotumainia, na zilizobaki ziuzwe wazi mu soko. Tena msiwe na mnunuzi mmoja tu, maana akikataa siku ile mtakuwa mikononi mwake.

Kisha msafirishaji. Mwandike naye tarehe, saa, mahali pa kupakia, bei ya kila mfuko, na nani analipa takse za barabarani. Mpeni avansi kidogo ili naye ajifunge, na zilizobaki azipate mali ikiisha kufika. Muwe na namba ya simu ya shofere wa pili. Tarehe 10 ya mwezi wa 12 mumwite ku simu, tarehe 16 mumwite tena. Kama mzigo wenu haujazi kamyo, ongeeni na koperative jirani: kamyo nusu tupu inalipwa kama kamyo nzima.

5. Tupige hesabu ya safari

Namba hizi ni za kujifunza tu. Nyinyi mtaweka bei za kwenu.

Tuseme koperative ina mifuko 40 ya viazi ya kilo 100, ni kilo 4 000. Mnunuzi anakuja ku shamba na kutoa 800 FC ku kilo. Akilipa hapo hapo, mnapata 3 200 000 FC bila safari.

Tukipeleka mjini, tunalipa:

— mifuko mitupu: 40 × 1 000 = 40 000 FC
— wabebaji toka kilimani: 40 × 5 000 = 200 000 FC
— kamyo: 40 × 10 000 = 400 000 FC
— kupakia na kushusha: 40 × 2 000 = 80 000 FC
— takse na bariere: 120 000 FC
— chakula na malazi ya watu wawili wa kusindikiza: 60 000 FC

Jumla: 900 000 FC. Gawanyeni kwa kilo 4 000: safari inakula 225 FC ku kila kilo.

Hali ya kwanza: tumefika tarehe 20. Bei ya mjini ni 1 400 FC, na kilo 5 ku kila 100 zimeharibika. Tunauza kilo 3 800 × 1 400 = 5 320 000 FC. Tutoe safari 900 000, tunabaki na 4 420 000 FC. Tumezidisha 1 220 000 FC juu ya bei ya shamba.

Hali ya pili: tumefika tarehe 26. Bei imeanguka mpaka 1 000 FC, na kilo 20 ku kila 100 zimeharibika. Tunauza kilo 3 200 × 1 000 = 3 200 000 FC. Tutoe safari, tunabaki na 2 300 000 FC. Tumepoteza 900 000 FC. Ingefaa kuuza ku shamba na kulala.

Viazi ni vile vile, kilima ni kile kile, kamyo ni ile ile. Siku sita tu ndizo zimetenganisha faida na hasara. Hesabu hii ifanywe na komite nzima, isomwe mbele ya wanamemba, kisha mkutano uamue. Kama tofauti ni ndogo, kuuza ku shamba si haya. Ni uamuzi.

6. Kuvuna na kufunga

Viazi: majani yakatwe wiki mbili mbele ya kuvuna, ndipo ganda linakomaa na haliambuki mu safari. Vuneni siku isiyo na mvua, acheni vikauke kivulini. Jua likivipiga vinageuka kijani, na kiazi cha kijani kina sumu, hakiuzwi wala hakiliwi. Msioshe: kiazi kilichooshwa kinaoza upesi. Vilivyokatwa na jembe vibaki nyumbani, viliwe wiki ile. Kimoja kilichooza mu mfuko kinalowanisha vingine vyote.

Shu: ivunwe umande ukiisha kukauka. Acheni majani matatu ao manne ya nje, ndiyo blanketi yake ya safari. Muuzaji atayatoa mjini. Msirundike juu sana, na acheni nafasi upepo upite katikati. Sisi tulifunika mzigo mzima na shitingi usiku na mchana, hakuna hata tundu moja, na shu zikajipika zenyewe ndani. Shitingi ni ya mvua. Mvua ikipita, fungueni pembeni.

Nyanya: zichumwe zikianza kugeuka rangi, ziende mu sanduku za mbao ao vitunga vyenye majani ya ndizi chini, hapana mu mifuko. Mu mfuko, za chini zinafika zikiwa mchuzi.

Kuku: wanyweshwe maji vizuri, wasilishwe sana saa za mwisho, wasafirishwe asubuhi na mapema ao usiku wakati wa baridi, mu vitunga vyenye hewa.

Kila mfuko uwe na alama ya koperative na namba ya mwanamemba. Sekretere aandike mu daftari: namba, jina, kilo, siku. Mfuko wenye viazi vibovu ukifunguliwa mjini, tutajua umetoka wapi, na hasara haitaangukia wasio na kosa.

7. Barabara ao ziwa?

Kwa wale walio kando ya barabara ya taifa namba 2, kati ya Bukavu na Goma kupitia Kalehe, Nyabibwe na Minova, mwezi wa 11 na wa 12 ni miezi ya matope, na udongo unaweza kushuka toka vilimani na kufunga njia. Hali ya usalama nayo inaweza kubadilika kwa siku moja. Siku mbili mbele ya kuondoka, itani ku simu watu wa mbele: njia iko wazi? Bariere ziko wapi? Mu kamyo muwe na beleshi, kamba ngumu, na mbao za kuweka chini ya magurudumu. Kila mnapolipa takse, ombeni resi. Kama hakuna resi, andikeni mahali, siku na kiasi. Karatasi hizo zinasaidia kutetea koperative mbele ya wakubwa.

Kwa wenye kupita ziwani, safari ni laini kwa shu na nananasi, lakini tunaomba mtusikilize vizuri. Tarehe 3 ya mwezi wa 10 mwaka 2024, boti lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, pale Goma, watu wakiliona toka ng'ambo. Lilikuwa limejaa kupita kiasi. Watu wengi walikufa. Siku za sikukuu ndizo wenye boti wanajaza zaidi, juu kila mtu ana haraka.

Kwa hiyo komite iweke sheria yake mbele, mu mkutano, wakati vichwa ni baridi: mali ya koperative haipandi boti lililojaa, msindikizaji wetu hapandi bila jile, hatusafiri wakati ziwa lina upepo mkali. Msindikizaji akikataa kupanda na soko likapotea, asilaumiwe na mtu. Sheria hiyo iandikwe, juu siku ile pale ufukweni, mifuko ikiwa mingi na bei ikiwa juu, ni vigumu mtu kukataa peke yake. Viazi tutapanda vingine. Mtu hatumpandi tena.

8. Koli za jamaa

Kila mwaka, kamyo ya koperative ikijulikana, wanamemba wanaleta koli: maharagi kidogo kwa shangazi, unga wa muhogo kwa mtoto anayesoma, kuku kwa mkwe. Ni jambo jema, na hatusemi mlikataze. Lakini linaleta ugomvi kama halina utaratibu. Tumeona koli tatu bila jina, wenyewe wakigombea moja.

Fanyeni hivi. Koli zipokewe siku moja tu, mbele ya mzigo kufungwa. Kila koli iwe na karatasi mbili zenye jina la mpokeaji, mtaa wake na namba yake ya simu: moja nje, imefunikwa na plastiki, na ingine ndani, kama ya nje ikipotea. Sekretere aandike mu daftari yake, mwenyewe atie sahihi ao kidole. Alipe kiasi kidogo cha usafiri, hata prezida wa koperative alipe. Chakula cha kupika kisitumwe, wala nyama mbichi, wala ndizi zilizoiva. Mpokeaji aitwe siku moja mbele ili awe tayari. Koli isiyochukuliwa mu siku mbili, msindikizaji hana deni nayo tena. Na koli zisiwekwe chini ya mifuko ya viazi.

9. Kesho yake ya sikukuu

Msiuze vyote ku Noeli. Mwezi wa kwanza na wa pili nyumba nyingi zinalala njaa wakati mwaka mpya umesheherekewa vizuri. Mbele ya kupakia, kila familia itenge chakula chake na mbegu ya saison B, juu mwezi wa pili tunapanda tena. Mbegu iliyouzwa mwezi wa 12 tunainunua mwezi wa pili kwa bei ya juu.

Franga za mauzo zipite mu simu ya koperative ao mu koperative ya akiba, zisisafiri mfukoni mwa mtu mmoja usiku. Mbele ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza, komite iite mkutano: kesie asome mapato, asome matumizi yote na resi zake, kila mwanamemba apewe haki yake kufuatana na kilo zilizoandikwa. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari hawezi kungoja mwezi wa tatu.

Na yule mama wa mifuko minne? Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mu komite ya usafiri. Alikuwa yeye mwenye kuita shofere ku simu, kila baada ya siku mbili, mpaka shofere akachoka naye. Kamyo ilifika tarehe 17, siku moja mbele. Viazi viliingia depo tarehe 19. Hatukupiga picha mwaka ule, tulikuwa na kazi ya kuhesabu mifuko.

Maswali ya kuzungumza mu kikundi

1. Toka shamba letu mpaka depo ya mji, safari inachukua siku ngapi wakati wa mvua? Ni nani kati yetu aliyeifanya mwaka jana, atueleze?
2. Kwa kila zao letu, tarehe ya mwisho ya kupanda ni ipi kama tunataka kufika tarehe 20 ya mwezi wa 12? Na tarehe 28?
3. Safari itakula ngapi ku kila kilo? Bei ya mjini ikianguka mpaka wapi, tutaacha kupeleka?
4. Ni watu gani wawili tutakaowatuma mjini mwezi wa 10, na watabeba maswali gani?
5. Sheria yetu ya boti na ya kamyo ni ipi? Nani ataiandika leo?

Andikeni majibu mu daftari ya koperative. Mu numero ya mwezi wa 10 tutafundisha namna ya kuandika mapatano na msafirishaji, na tungependa kutumia mifano yenu. Mpeni mwezeshaji wenu kalenda mliyoifanya, hata kama ina makosa. Tutaisahihisha pamoja.

Kazi njema, na mvua iwakute mbegu ziko tayari.

Sisi agronome wa mradi